Yusufu, Mtunza Ghala

SABATO MCHANA

Soma kwa somo la juma hili: Mwanzo 37, 39–42, 45, 47:11–26, 50:15–26, Kutoka 16, Luka 12:16–21, Yoshua 24:32.

Fungu la kukariri: Mwanzo 41:36. Lifungue katika Biblia yako, na kila mwanadarasa alikariri kabla ya Sabato ijayo.

Ukisafiri mwezi wa Julai kutoka Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya na Zombo, utaona mahindi yameanikwa juu ya maturubai mbele ya nyumba, na malori ya wanunuzi yameegeshwa chini ya miembe. Ni wakati wa furaha. Ada za shule zinalipwa, mabati yananunuliwa, harusi zinafungwa. Rudi njia hiyo hiyo mwezi wa Februari. Baadhi ya akina mama waliouza mahindi Julai wanapita na ndoo wakitafuta mahali pa kununua mahindi, na bei ya debe si ile waliyouzia. Mvua ya mwaka uliopita ilikuwa nzuri na ardhi haikuwanyima kitu. Kilichopungua ni utunzaji kati ya Julai na Februari.

Juma hili tutajifunza maisha ya mtu aliyesimama kati ya mavuno na njaa. Mara nyingi tunamkumbuka Yusufu kwa kanzu yake, kwa ndoto zake na kwa usafi wake mbele ya mke wa Potifa. Leo tunamtazama katika kazi iliyochukua miaka yake mingi zaidi ya utumishi, kazi ya kutunza ghala. Tutaona jinsi Mungu alivyomfundisha kazi hiyo kabla hajapewa ufunguo, jinsi alivyoweka, na hasa jinsi alivyofungua. Maana ghala hujulikana kuwa la nani siku mlango wake unapofunguliwa.

JUMAPILI
Shimo Tupu

Yusufu alikuwa mtoto wa uzeeni wa Yakobo, mzaliwa wa kwanza wa Raheli, mke aliyependwa. Alipokuwa na miaka kumi na saba alichunga kondoo pamoja na ndugu zake. Baba yake alimpenda kuliko wengine na hakuficha, akamvika kanzu iliyomtofautisha nao. Chuki ilianza nyumbani kabla ya ndoto. Kisha zikaja ndoto, na ya kwanza ilikuwa ndoto ya shambani: miganda ya nafaka imefungwa, na miganda ya ndugu zake imeuinamia mganda wake. Ndugu zake waliona kiburi ndani yake. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini Mungu alichagua nafaka.

Siku moja Yakobo alimtuma aende Shekemu akaangalie hali ya ndugu zake na ya wanyama. Hakuwakuta, akaambiwa wamehamia Dothani, naye akawafuata. Walipomwona kwa mbali walitaka kumwua. Rubeni aliwashawishi wamtupe tu shimoni, akikusudia kumtoa baadaye. Wakamvua kanzu, wakamtupa katika shimo lisilo na maji.

Soma Mwanzo 37:24, 25 polepole. Mara baada ya kumtupa ndugu yao shimoni, waliketi wakala chakula. Yeye yuko chini, ana njaa na kiu, wao wako juu wanakula. Wakiwa bado wanakula wakauona msafara wa Waishmaeli uendao Misri, na Yuda akatoa shauri wamwuze. Bei ilikuwa vipande ishirini vya fedha. Kanzu ilichovywa katika damu ya mbuzi na kupelekwa kwa baba.

Kumbuka mlo ule wa Dothani. Miaka zaidi ya ishirini baadaye watu hao hao watasimama mbele ya Yusufu wakiwa na magunia matupu, naye ndiye atakayekuwa na chakula.

Swali: Ni nani katika mtaa wako au kanisa lako yuko shimoni leo huku wengine wakila karibu naye? Je, darasa lako linamjua kwa jina?

JUMATATU
Mafunzo Katika Ghala la Mtu Mwingine

Huko Misri Yusufu alinunuliwa na Potifa, mkuu wa walinzi wa Farao. Mwanzo 39 inaeleza kwamba Bwana alikuwa pamoja naye, na kwamba Potifa aliona hivyo kwa macho yake. Akamweka juu ya nyumba yote. Vyakula, watumishi, mashamba na mapato, vyote vikawa mkononi mwa kijana mtumwa, hata Potifa hakujua habari za chochote alichokuwa nacho isipokuwa chakula alichokula.

Tunajua yaliyotokea kwa mke wa Potifa. Yusufu alikataa, akasingiziwa, akafungwa. Hata gerezani mlinzi mkuu alimkabidhi wafungwa wote, naye akawa msimamizi wa kila kilichofanyika humo. Huko alikutana na mkuu wa wanyweshaji na mkuu wa waokaji wa Farao, akawafasiria ndoto zao. Alimwomba mkuu wa wanyweshaji amkumbuke akirudishwa kazini. Yule bwana alirudishwa, akasahau. Ikapita miaka miwili mizima.

Kutoka siku alipouzwa mpaka siku aliposimama mbele ya Farao ilipita miaka kumi na mitatu. Sisi tungeiita miaka iliyopotea. Lakini tazama alichokuwa akifanya muda huo wote. Alitunza mali isiyokuwa yake, akatoa hesabu kwa mtu ambaye hakumpenda kama mwana, akagawa chakula kwa watu wa kila aina bila kupendelea. Mtu asiyeaminika na stoo ya Potifa angewezaje kuaminiwa na ghala la Misri?

Akiba ya chakula huanza katika tabia ya mtu kabla ya kufika kwenye kihenge. Iko kwa mama anayepima unga kwa kikombe kile kile kila jioni. Iko kwa baba anayeandika magunia yaliyoingia na yaliyotoka, na hauzi gunia usiku bila mkewe kujua. Iko kwa kijana aliyetumwa kununua kilo tano naye akaleta kilo tano. Nyumba ambayo mume na mke wanafichana hesabu ya mahindi haina akiba hata kama stoo imejaa.

Swali: Soma Luka 16:10. Ni kitu gani kidogo, tena cha mtu mwingine, ambacho Mungu anakipima mkononi mwako sasa?

JUMANNE
Sehemu Moja ya Tano

Yusufu alikuwa na miaka thelathini alipotolewa gerezani, akanyolewa na kubadilishiwa nguo. Farao alikuwa ameona ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na masuke saba mema yakimezwa na masuke saba membamba. Yusufu alisema wazi kwamba tafsiri ni ya Mungu. Ingekuja miaka saba ya shibe, kisha miaka saba ya njaa.

Angeweza kuishia hapo. Aliulizwa maana ya ndoto, hakuulizwa la kufanya. Lakini aliendelea akatoa mpango, nao una mambo manne ambayo kila familia inaweza kuyaelewa. La kwanza, awekwe msimamizi mwenye akili na hekima. La pili, ichukuliwe sehemu moja ya tano ya mazao katika miaka ya shibe. La tatu, chakula kiwekwe katika miji, yaani mahali pengi, karibu na mashamba yanakotoka. La nne, akiba hiyo iwe na kusudi lake, ngoja ya njaa, isiguswe kwa jambo lingine.

Yusufu akapewa pete ya Farao na jina la Kimisri, Safenath-panea, akaozwa Asenathi binti wa kuhani wa Oni. Alizunguka nchi yote. Nafaka ikawa nyingi kama mchanga wa pwani, hata wakaacha kuihesabu. Katika miaka hiyo hiyo ya shibe walizaliwa wanawe wawili, Manase na Efraimu.

Ugumu wa kazi yake ulikuwa katika miaka ile saba ya kwanza. Watu wakiwa na njaa ni rahisi kuwaeleza umuhimu wa akiba. Watu wakiwa wameshiba, na nafaka imezagaa kila mahali, nani anataka kuitoa moja ya tano? Yusufu alifanya kazi miaka saba kwa ajili ya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa analiona. Hiyo ni imani yenye jasho.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Tukikadiria nusu kilo ya nafaka kwa mtu kwa siku, familia ya watu sita inakula kilo 3 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 90, karibu na gunia moja la kilo 100. Kwa mwaka ni karibu magunia 11. Sasa tuseme familia hiyo imevuna magunia 15. Zaka ya Bwana hutoka kwanza, gunia moja na nusu. Sehemu moja ya tano ni magunia matatu. Yanabaki magunia kumi na nusu ya kula na ya kuuza. Yale matatu ni chakula cha Januari, Februari na Machi, miezi ambayo tunapanda, tunapalilia, na tunahitaji nguvu kuliko miezi mingine. Anayelima kwa njaa hulima eneo dogo, na mwaka unaofuata njaa inakuwa kubwa zaidi.

Na aliyevuna magunia matano afanye nini? Aanze na moja. Achanganye na vitu vinavyodumu: mtama, kunde, mbaazi, makopa ya muhogo. Yusufu hakudai kiasi kinacholingana kwa kila shamba. Alidai sehemu inayolingana.

Swali: Kaeni kama familia na mfanye hesabu hii kwa idadi ya watu wenu na mavuno yenu. Je, mlikuwa mnaijua kabla ya leo?

JUMATANO
Kutunza Kilichowekwa

Biblia haituelezi ghala za Yusufu zilijengwaje. Tunajua tu kwamba Wamisri wa kale walikuwa mabingwa wa ghala za matofali ya udongo, nyingine zikiwa za mviringo kama vihenge vyetu. Nafaka ilimwagwa kwa tundu la juu na kutolewa kwa mlango mdogo wa chini, ili iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Katika makaburi yao ilikutwa mifano midogo ya ghala, yenye makarani waliokaa mlangoni wakiandika kila kipimo. Na nchi yao ni kavu, mvua ni chache sana.

Sisi wa bonde la Mkondoa hatuna hewa ya Misri. Tuna unyevu, tuna joto, tuna panya na fukusi. Tuna dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora karibu nusu karne iliyopita, ambaye hugeuza gunia la mahindi kuwa vumbi kwa miezi michache. Wenzetu wa Mikumi, wanaopakana na hifadhi, wanaongeza tembo kwenye orodha hiyo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini Kilosa, ukakata Reli ya Kati, na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Aliyekuwa na akiba yake yote sakafuni, bondeni, aliipoteza kwa usiku mmoja. Ndiyo maana mpango wa Yusufu wa kugawa akiba mahali pengi una hekima hata kwetu. Weka sehemu nyumbani, na sehemu kwa ndugu wa kilimani.

Nikiri jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja ambalo nilikuwa nalitembelea mara kwa mara, nilihimiza akiba ya kanisa kwa ajili ya wajane. Washiriki walitoa kwa moyo, tukajaza chumba. Nilihubiri vizuri sana kuhusu Yusufu. Sikuuliza kama mahindi yamekauka. Mwezi wa Januari tulipofungua, harufu ya ukungu ilitutangulia mlangoni. Yalikuwa yameungana mabonge, ya kijani na meusi. Wajane watatu walikuwa wamekuja na ndoo zao siku ile. Walirudi nazo tupu, na mmoja wao ndiye aliyenifariji mimi. Tangu siku hiyo sihubiri Mwanzo 41 bila kuzungumza juu ya ukavu.

Kwa hiyo mambo haya yafundishwe darasani, na Idara ya Dorkas iyaonyeshe kwa vitendo:

Kausha. Anika juu ya turubai au kichanja, usianike juu ya udongo. Pima kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Ikianguka yote chini, yako tayari.

Chagua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizooza na zenye rangi ya ukungu. Ukungu huleta sumukuvu, nayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yenye ukungu usimpe mtoto uji wake, wala usiwape kuku.

Ziba. Mifuko ya kinga njaa ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la nje. Ukiijaza mahindi makavu na kufunga kila mmoja kwa nguvu, hewa inakwisha ndani na wadudu wanakufa bila dawa. Lakini mahindi mabichi yakifungwa humo huoza. Kihenge cha bati nacho ni kizuri kikikaa kivulini. Ukitumia dawa ya unga, iwe ya kuhifadhia nafaka, kwa kipimo kilichoandikwa. Vidonge vya kufukizia nafaka hutoa gesi inayoua watu. Visitumike kamwe katika nyumba tunamolala.

Inua na kagua. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Andika tarehe. Kila juma la pili ingiza mkono, nusa, sikiliza, tazama vumbi chini ya gunia. Mfuko wa kinga njaa kagua kwa nje tu, utafute tundu la panya, kwa maana ukiufungua ovyo unawapa wadudu hewa. Kula ya zamani kwanza, na mavuno mapya yakija, badilisha.

Swali: Kwa nini ni rahisi kwetu kusali juu ya ghala kuliko kulifagia? Je, mambo hayo mawili yanapingana?

ALHAMISI
Siku ya Kufungua

Njaa ilipokuja, ilifika hata Kanaani. Yakobo aliwatuma wanawe kumi Misri, akambakiza Benyamini. Wakainama mbele ya mtawala wa nchi kwa nyuso zao, wala hawakumtambua. Yeye aliwatambua.

Hapa ndipo somo letu lilipo. Yusufu ana ufunguo. Waliokula huku yeye yuko shimoni sasa wanaomba chakula. Angeweza kusema ghala limefungwa, na hakuna mtu Misri ambaye angemlaumu. Aliwajaribu, ni kweli. Alimshika Simeoni, akadai wamlete Benyamini, akawatia hofu kwa kikombe cha fedha. Lakini angalia jambo moja: katika majaribu yote hayo hakuwapunguzia chakula. Kila safari magunia yalijazwa, fedha zao zikarudishwa ndani yake, na safari ya kwanza wakapewa na posho ya njiani. Aliwapima mioyo, hakuwapima kwa njaa.

Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumwuza, alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, Yusufu hakuweza kujizuia tena. Aliwatoa Wamisri wote, akalia kwa sauti, akajitambulisha. Alikuwa na miaka kama thelathini na tisa. Njaa ilikuwa imedumu miaka miwili, imebaki mitano. Akawaeleza kwamba Mungu ndiye aliyemtuma mbele yao ili kuhifadhi uhai. Kisha akawaita waje Gosheni, akawalisha, kila nyumba kwa hesabu ya watoto wake.

Soma pia Mwanzo 47:13–26, wala usiiruke. Ni sehemu ngumu. Wamisri walinunua nafaka kwa fedha, fedha zikaisha. Wakatoa wanyama, wakaisha. Mwishowe wakatoa mashamba na miili yao, wakawa watumwa wa Farao. Walimshukuru Yusufu kwa kuwaokoa, naye akawapa mbegu, akawaachia sehemu nne kati ya tano. Maandiko yanasimulia bila kusifu wala kulaani. Lakini tunaona jambo lililo wazi: mtu mwenye njaa hana nguvu ya kupatana bei. Pakiwa na mlango mmoja tu wa chakula nchini, anayeushika mlango huo ameshika na watu. Miaka mingi baadaye akaja Farao mwingine asiyemjua Yusufu, na nguvu ile ile ya kifalme ikawakandamiza wana wa Israeli.

Kwetu jambo hili halijaisha. Yuko mkulima anayeuza mahindi yakiwa bado mabua ya kijani shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anaumwa na ndani hamna kitu. Akivuna, anamvunia mwingine. Taifa letu lina ghala zake, chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulioanzishwa mwaka 2008, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ghala la taifa halikusudiwi kuwa la kwanza kufunguliwa. Magunia matatu chini ya paa la mjane ni uhuru wake. Mshiriki anayenunua mahindi ya jirani yake kwa bei ya njaa ili amwuzie tena Februari, ajiulize kama anafuata mfano wa Yusufu aliyejaza magunia na kurudisha fedha, au ameona tu nafasi.

Swali: Mtu aliyekukosea akija na ndoo tupu, utaanza kwa kumkumbusha kosa au kwa kumjazia?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika madarasa yetu huulizwa maswali mawili, tena na watu wanyofu. La kwanza: Je, kuweka akiba si kukosa imani? Yesu alifundisha tusiwe na wasiwasi wa kesho, akasimulia habari za tajiri aliyejenga ghala kubwa zaidi akafa usiku ule. Soma Luka 12:16–21, utafute watu katika mipango ya tajiri yule. Hayupo jirani, hayupo maskini, hayupo Mungu. Anazungumza na nafsi yake peke yake. Ghala la Yusufu na ghala la tajiri yule yangeweza kujengwa kwa matofali yale yale. Yusufu alijenga akiwafikiria watu.

Tena, mana inatufundisha. Israeli walioibakiza mpaka asubuhi kwa kutomwamini Mungu, iliingia mabuu. Lakini siku ya sita walikusanya maradufu kwa agizo, na siku ya Sabato ilikuwa njema. Chakula ni kile kile, tofauti ilikuwa utii. Sisi tunaoitunza Sabato tunafanya akiba kila Ijumaa kabla ya jua kuzama. Tumezoea kwa siku moja. Tujifunze kwa msimu.

Swali la pili: Je, tuweke chakula kwa ajili ya wakati wa taabu wa siku za mwisho? Ellen White aliandika waziwazi kwamba watu wa Mungu hawapaswi kujiwekea akiba kwa ajili ya wakati ule, kwa kuwa ingenyang'anywa mikononi mwao, na wakati ule Mungu mwenyewe atawapa mkate na maji. Shauri hilo lisichanganywe na Februari. Wakati ule tutamtegemea Mungu kwa namna ya pekee. Njaa ya kila mwaka ametupa mikono, jua la Julai na akili ya kuikabili. Asiyekausha mahindi yake halafu akadai anamngoja kunguru wa Eliya, anamjaribu Bwana.

Yakobo alipokufa, ndugu zake Yusufu waliogopa upya. Walidhani wema wote ule ulikuwa kwa ajili ya baba. Yusufu alilia aliposikia hivyo. Akawatuliza, akaahidi kuendelea kuwalisha wao na watoto wao. Njaa ilikuwa imekwisha miaka mingi, lakini ghala la moyo wake lilikuwa bado wazi. Alikufa akiwa na miaka mia na kumi, akapakwa dawa, akawekwa katika jeneza huko Misri. Lakini alikuwa amewaapisha kwamba Mungu atakapowatoa, wachukue mifupa yake. Mtu aliyeweka nafaka ya miaka saba alikuwa na akiba nyingine, ahadi ya nchi ambayo hakuirudia kuishi. Musa aliichukua mifupa hiyo, na baada ya safari ndefu ikazikwa Shekemu. Huko ndiko baba yake alikomtuma, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, aende kuangalia kama ndugu zake hawajambo.

Maswali ya kujadili:

1. Kanisa lenu lina utaratibu gani wa kuwasaidia wajane, wazee na wagonjwa kati ya Januari na Machi? Ni nani mwenye ufunguo, na ni nani anayekagua ukavu?

2. Kila familia ya darasa ikiweka kando debe moja la mahindi makavu Julai hii, ni watu wangapi wanaweza kulishwa kwa mwezi mmoja? Fanyeni hesabu pamoja.

3. Jadilini Mwanzo 47:13–26. Mfanyabiashara Mwadventista wa nafaka aweke mpaka wapi kati ya faida halali na kujinufaisha kwa njaa ya jirani?

4. Kijana wa darasa lenu alete chupa na chumvi Sabato ijayo aeleze kipimo, kisha siku ya kazi mkutane mpime mahindi ya kila nyumba.